Ada imelipwa, mita imekwama: kisa cha kiwanda kilichojiunga na mtandao wa utunzaji wa maji

Barua ya kuthibitisha uanachama iliingia Jumatatu asubuhi. Kufikia saa nane mchana idara ya mawasiliano ilikuwa imeshachora bango: tone la maji, nembo ya mtandao, na chini yake maneno "Maji yetu sasa yana ithibati ya kimataifa." Nikatumiwa kwenye simu nihakiki lugha. Lugha haikuwa na kosa hata moja. Kosa lilikuwa kwenye maana, kwa sababu siku ile kiwanda hakikuwa na ithibati yoyote ya maji. Kilikuwa na risiti ya ada.

Ni kiwanda cha kusindika mazao ambacho niliwahi kukifanyia kazi ya ushauri. Sitakitaja, na nimebadilisha mambo mawili matatu ili wahusika wasinyooshewe vidole, maana walichokifanya nimekiona kwingine mara nyingi, na kwingine hakuna hata aliyejisumbua kurekebisha.

Mtandao wenyewe ni Alliance for Water Stewardship, ambao wengi wetu huuita AWS. Makao yake yako North Berwick, mji mdogo wa pwani huko Uskoti, na wanachama wake ni kampuni, asasi za kiraia na taasisi za umma. Kazi yake kubwa ni kiwango cha kimataifa cha utunzaji wa maji, ambacho toleo lake la kwanza lilitoka 2014 na la pili 2019. Anayekifuata hupitia hatua tano: anakusanya taarifa na kuielewa hali ilivyo, anaahidi na kupanga, anatekeleza, anajipima, kisha anaeleza hadharani alichofanya. Kinachotafutwa ni matokeo matano: uongozi mzuri wa maji, urari kati ya maji yanayotolewa na yanayorudi, ubora wa maji, hali nzuri ya maeneo kama chemchemi na ardhioevu, na majisafi pamoja na vyoo na usafi kwa kila mtu. Hilo la usafi lilipewa nafasi yake yenyewe kwenye toleo la 2019, na kwa maoni yangu lilichelewa.

Sasa tofauti iliyoleta balaa lote. Uanachama ni wa taasisi. Unalipa ada ya mwaka kulingana na aina na ukubwa wako, unakubali misingi ya mtandao, unapata mafunzo, unapata wenzako wa kuwauliza, na unakuwa na sauti katika namna mtandao unavyoongozwa. Cheti ni cha eneo: kiwanda hiki, shamba lile. Kampuni yenye viwanda kumi inaweza kuwa na cheti kwenye kimoja tu, na haina haki ya kukitaja kana kwamba kimefunika vyote. Anayekagua si mfanyakazi wa mtandao, anatoka kampuni ya nje iliyoidhinishwa. Cheti hudumu miaka 3, na katikati yake mkaguzi hurudi kila mwaka. Kina madaraja matatu: la msingi, la dhahabu na la platinamu. Unaweza kuwa mwanachama bila cheti, na unaweza kuwa na cheti bila uanachama. Haya yote yamo kwenye nyaraka za mtandao, yameandikwa wazi, lakini nani alizisoma?

Mkurugenzi hakuzisoma, na sababu yake naielewa. Mteja wao mkubwa alikuwa ameleta dodoso refu lenye swali moja: je, mmejiunga na mpango wowote unaotambulika wa utunzaji wa maji? Ndiyo au hapana. Akatafuta njia fupi ya kufika kwenye "ndiyo", akaipata. Ada ikatolewa kwenye fungu la mawasiliano, pale pale zinapotoka kalenda na fulana za maonyesho. Siku hizi nikiitwa na taasisi iliyojiunga na mtandao wa aina hii, la kwanza ninalouliza ni ada inatoka fungu gani. Jibu hunieleza mengi kuliko mpango kazi wao.

Nilimpigia simu nikamwambia bango lisitoke.

"Mwalimu, si tumelipa?" akaniuliza. Kiwandani waliniita mwalimu kwa sababu ya semina nilizowafundisha.

"Umelipa kiti cha mkutano, dada. Mtihani hujaufanya."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema jambo ambalo bado nampa heshima kwalo: "Basi njoo utuambie tukiufanya leo tutapata ngapi."

Chumba cha pampu

Nilianzia kwenye kisima kirefu. Msimamizi wa pampu alikuwa mtu mzima aliyekaribia kustaafu, kila mtu akimwita Mzee, na mkurugenzi mwenyewe alimwamkia kwanza kabla ya kusema lolote. Mzee akanipa daftari la usomaji wa mita. Lilikuwa safi mno. Kila siku tarakimu iliongezeka kwa kiasi kile kile, Jumapili kama Jumatano, hata wiki ambayo mtambo ulisimama kwa matengenezo. Nikainama kuitazama mita. Kioo kilikuwa kimeingia ukungu kwa ndani na mshale umelala. Pampu ilikuwa inanguruma, bomba linatetemeka mkononi mwangu, na mshale hautikisiki.

"Imekufa lini, Mzee?"

"Ina mvua mbili sasa. Nimeomba mpya mara mbili, nikaambiwa fungu halina kitu. Ofisini wanataka tarakimu kila mwisho wa mwezi, basi nachukua saa za pampu, nazidisha na kile kilichoandikwa kwenye kibao chake."

Sikumwona mdanganyifu, na nililiandika hilo kwenye ripoti kwa wino mzito. Alikuwa amebuni njia ya kujibu swali ambalo waliomuuliza hawakutaka kuligharamia. Ila njia yenyewe ina kasoro kubwa. Kibao cha pampu kinasema inaweza kusukuma kiasi gani katika hali fulani ya kina na mkandamizo. Maji yakishuka ndani ya kisima, pampu ile ile inalazimika kuyanyanyua kutoka chini zaidi, na kinachotoka kinapungua. Ukizidisha saa kwa tarakimu ya kibao, daftari litaonyesha kwamba mambo ni shwari hadi siku pampu itakapoanza kumeza hewa. Kwa maneno mengine, kiwanda hakikujua kinatoa maji kiasi gani, na kibaya zaidi, kilikuwa kimejifungia njia ya kujua kama kisima kinashuka. Hakuna aliyekuwa amepima kina cha maji tangu kisima kichimbwe.

Halafu uvujaji. Nyuma ya tangi kulikuwa na vali iliyolegea, maji yakitiririka taratibu hadi nyasi za pale zilikuwa za kijani kuliko kwingine kote. Sikuwa na chombo cha kupima, nikatumia ndoo na saa ya simu. Uvujaji wa aina hii watu huupuuza kwa sababu macho hayajui kuzidisha: lita moja kwa sekunde, inayoonekana kama si kitu, ni lita 86,400 kwa siku. Wao walikuwa chini ya hapo, lakini hawakuwa mbali kiasi cha kunifanya nicheke.

Tuliporudi ofisini nikaweka karatasi mbili mezani: nakala ya risiti ya ada na barua ya Mzee ya kuomba mita. Sikusema kitu. Mkurugenzi alizisoma zote mbili, akamwita mhasibu.

Nje ya uzio

Hapa ndipo kisa kilipopata uzito, na ndipo ninapodhani mtandao huu unawapita wengine. Mipango mingi ya kupunguza matumizi ya maji huishia getini: umetumia kidogo kuliko mwaka jana, hongera. Kiwango cha AWS kinakulazimisha utoke nje ukitazame kidakio kizima, yaani eneo lote ambalo mvua yake hukusanyika kuelekea mto au mkondo wako, uwajue wengine wanaokunywa humo, na usikie wanasemaje juu yako. Mkaguzi atakapokuja, ujio wake hutangazwa mapema ili wadau waweze kuzungumza naye.

Tukashuka mkondo, mimi, Mzee na kijana wa maabara. Maji ya kiwanda hupita kwenye mabwawa mawili ya kusafishia kisha hutoka kwa mfereji hadi kijito. Kijana wa maabara alikuja na faili la majibu ya vipimo, yote ndani ya viwango vinavyoruhusiwa. Alikuwa na haki ya kujivuna. Chini kidogo ya mfereji tukamkuta bibi mmoja akiwa na wajukuu wake na madumu. Baada ya salamu nikamuuliza kama maji ya hapa huwa na shida.

"Hayana shida, mwanangu," akasema. "Ila mkiosha matangi yenu, kesho yake huja povu na yanateleza mkononi. Siku hiyo hatuchoti. Tumeshaizoea, ni usiku wa Ijumaa."

Kijana wa maabara akafungua faili lake, akapekua, akalifunga. Sampuli zote zilichukuliwa Jumanne.

Hakuna aliyepanga hila. Jumanne ndiyo siku gari la maabara ya nje linapita upande ule. Matangi huoshwa kwa soda kali Ijumaa usiku kwa sababu Jumamosi uzalishaji ni mdogo, na soda hiyo ndiyo inayofanya maji yateleze. Sampuli ya kuchota mara moja inakuambia habari za dakika ile tu, na ukiichota siku tulivu utapata majibu matulivu. Dawa inajulikana na wahandisi wote: chukua sampuli kidogo kidogo kwa saa 24, uzichanganye, na uhakikishe baadhi ya siku hizo ni zile mbaya. Lakini ilihitaji mtu atoke nje ya uzio na kumsalimia bibi, ambaye ratiba ya usafi ya kiwanda alikuwa anaijua vizuri kuliko idara ya mawasiliano.

Wiki iliyofuata tukaitisha kikao na jumuiya ya watumia maji wa kijito kile. Nilitarajia lawama, na zilikuwepo, lakini swali lililokaa moyoni mwangu lilitoka kwa mwenyekiti wao. Alisikiliza maelezo ya mtandao hadi mwisho, akauliza kwa upole: "Na sisi je, tunaruhusiwa kujiunga?"

Tulitazamana. Kwa kanuni, ndiyo, milango ya asasi ipo. Kiwango chenyewe kimewahi kutumiwa na chama cha wakulima wa kumwagilia: Renmark Irrigation Trust, huko Australia Kusini, chama kilichoundwa 1893 kando ya mto Murray, kilikaguliwa kikapata daraja la dhahabu, na baadaye la platinamu. Wale ni wakulima waliokubaliana kutumia mabomba yao hayo hayo kupeleka maji kwenye uwanda wa mafuriko ambako miti ya asili ilikuwa inakauka. Kwa hiyo jibu la mwenyekiti lilikuwepo. Lakini sisi tulikuwa tumetumia miezi kuzungumza habari za maji ya kijito hiki, na katika miezi hiyo hakuna aliyewaza kwamba kiti tulichokinunua kwenye meza ya dunia kilikuwa cha mtumiaji mmoja tu kati ya wengi, tena yule mwenye pampu kubwa kuliko wote.

Kosa lilikuwa la nani

Rahisi kumtupia msichana wa mawasiliano aliyechora bango. Yeye alifanya kazi aliyopewa. Mkurugenzi naye alijibu dodoso la mteja, na mteja aliuliza swali baya. Swali linalotaka "ndiyo" au "hapana" kuhusu uanachama linawafundisha wasambazaji kununua "ndiyo". Lingeuliza "mita yako ilisomwa lini mara ya mwisho na nani?" tungefika chumba cha pampu mwaka mmoja mapema.

Sehemu nyingine ya kosa ni yangu. Katika andiko langu la mwanzo niliandika kwamba kujiunga "kutakisukuma kiwanda kujipanga." Niliamini hivyo. Sasa najua mtandao hausukumi mtu. Unakupa lugha, mfano wa wenzako na ratiba ya kufikiri, lakini hauna mkono wa kufika kwenye fungu lako la vipuri. Kama ndani ya nyumba hakuna mtu mwenye mamlaka ya kusema "mtambo usioshwe hadi bwawa la pili liwe na nafasi," ada ya kila mwaka itaendelea kulipwa na povu litaendelea kushuka.

Kuna waliouliza kama wangechagua mlango mwingine. Upo mpango wa Umoja wa Mataifa uitwao CEO Water Mandate, ulioanzishwa 2007 chini ya UN Global Compact, ambao mkuu wa kampuni mwenyewe hutia sahihi na kampuni hutoa taarifa kila mwaka kuhusu maeneo sita, kuanzia shughuli zake na wasambazaji wake hadi sera za umma na uwazi. Unaanzia juu, AWS inaanzia chini kwenye eneo, na kampuni inaweza kuwa kwenye yote mawili. Kwa kampuni kubwa yenye matawi mengi ningeshauri waanze na sahihi ya juu. Kwa kiwanda hiki, chenye kisima kimoja na mfereji mmoja, hapana. Tatizo lao lilikuwa la kushikika kwa mkono.

Na lipo swali la wenye mashaka, ambalo silipuuzi: mtandao unaoishi kwa ada za wanachama utawezaje kuwa mkali kwa wanachama hao hao? AWS inajibu kwa kutenganisha mambo: uongozi una uwakilishi wa biashara, asasi na sekta ya umma, wakaguzi ni wa nje, na mtandao wenyewe umejiunga na ISEAL, chombo kinachosimamia maadili ya mifumo ya viwango. Mtandao nao una mtandao wake. Naona ni ulinzi wa kweli, ila una mipaka. Mkaguzi anakuja kwa siku chache, na akija Jumanne atakuta maji ya Jumanne. Bila watu wa chini ya mkondo kujua kwamba wana haki ya kuzungumza naye, ulinzi wote unabaki kwenye karatasi.

Kitu kimoja kilitushinda mwaka ule, nacho ni mazao yenyewe. Duniani kote kilimo huchukua takriban asilimia 70 ya maji baridi yanayotolewa na binadamu, na kiwanda cha kusindika hakiwezi kujifanya hakijui malighafi yake inanyweshwa wapi. Kiwango kinataka eneo litambue pia maji haya yasiyopita kwenye bomba lake. Tulipata majina ya wasambazaji, tukapata makisio ya wachache, basi. Sehemu hiyo ya ripoti ni nyembamba na niliiacha ionekane nyembamba.

Kilichofanyika

Bango lilifutwa. Mahali pake pakawekwa sentensi moja isiyo na picha: kwamba kiwanda ni mwanachama wa AWS, kwamba hakijakaguliwa, na kwamba kipo katika hatua ya kukusanya taarifa. Idara ya mawasiliano waliona aibu kuichapisha. Mteja mkubwa aliisoma, akajibu kwa barua pepe ya mistari miwili, akitaka kuona taarifa hizo zikikamilika.

Mita mpya ilinunuliwa. Sampuli zikahamia kwenye mfumo wa saa 24, zikiwemo za Ijumaa, na majibu ya kwanza yalikuwa mabaya kama bibi alivyosema. Kemikali ya kuoshea ikaanza kuzimuliwa na kupozwa kwenye tangi la akiba kabla ya kuachiwa kidogo kidogo bwawani. Kazi ya kusimamia masuala yote ya uanachama ilitolewa mawasiliano ikapelekwa uzalishaji, na mhusika mkuu akawa Mzee, pamoja na kijana wa maabara atakayeirithi akistaafu. Ada ya mwaka wa pili ilikaribia kufutwa kwenye kikao cha bajeti. Mhasibu alisema, na si bila sababu, kwamba kazi yote hii ingeweza kufanyika bila kulipa mtu yeyote Uskoti. Mkurugenzi akajibu kwamba ingeweza, lakini haikufanyika. Ikapita, safari hii kwenye fungu moja na vipuri vya pampu.

Cheti hawajaomba. Niliwashauri wasubiri hadi wawe na tarakimu za kweli za misimu yote, na wawe wamekaa na jumuiya ya watumia maji zaidi ya mara moja. Mwenyekiti naye anaandaa maombi ya jumuiya yake, na kiwanda kimekubali kumsaidia kujaza fomu. Fedha kimekatazwa kumlipia. Ni mwenyekiti mwenyewe aliyekataa.

Mara ya mwisho nilipopita, Mzee alinionyesha daftari kabla sijaomba. Sasa tarakimu zinapanda na kushuka. Jumapili moja kiasi kilikuwa kidogo sana, kimekatwa kwa kalamu na kuandikwa upya, na pembeni kwa herufi ndogo: umeme ulikatika saa tano, nimesoma mara mbili.